Mmoja Katika Kumi

Mjukuu wangu ni mwalimu wa Kiingereza, na tangu aje kukaa nami hapa Mafiga, Morogoro mjini, nyumba yangu imejaa madaftari. Yako mezani, yako kitandani, juzi nimekuta moja limefunikia chungu cha maharage. Nikamwambia, mama wee, iko siku tutakula Kiingereza humu ndani. Yeye hucheka tu, kisha huendelea kutia kalamu yake nyekundu.

Alasiri moja nikamsikia anasonya. Sipendi mwanamke anayesonya ovyo, nikamuuliza kulikoni. Akasema mwanafunzi wake kaandika kwamba nzige waliingia shamba la baba yake wakalimaliza lote, halikubaki hata jani, na neno alilotumia siyo. Akaniandikia neno lenyewe pembeni ya gazeti: decimate. Mimi kusoma nimejifunza uzeeni, kwenye madarasa ya watu wazima, lakini herufi nazijua. Nikalitazama. Halikunitisha hata kidogo.

"Sasa kosa liko wapi?" nikamuuliza. "Si kumaliza ni kumaliza?"

"Ndivyo wanavyodhani, bibi. Hata Waingereza wenyewe siku hizi wanalitumia hivyohivyo. Lakini asili yake si kumaliza. Ndani yake mna kumi, kumi ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale."

Akanieleza. Kikosi cha askari wa Kirumi kikikimbia vita, mkubwa wao hakuwaua wote, maana angepigana na nani kesho? Aliwapanga kumi kumi. Kila kumi wakapiga kura. Aliyeangukiwa na kura ndiye aliyekufa, na hakuuawa na mkubwa. Aliuawa na wenzake tisa, kwa marungu, hukohuko mstarini.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaacha.

"Wenzake waliolala naye hema moja?"

"Haohao. Na wale tisa walionusurika hawakupewa tena ngano, walipewa shayiri, chakula cha farasi. Wakalazwa nje ya ngome."

"Na kibuyu alishika nani?"

"Kibuyu gani, bibi?"

 Nikarudia mchele wangu, na ule mchele ulipikwa na mawe yake, usiku ule tukatafuna mawe sote wawili. Alisema, bibi leo macho yako vipi? Macho yangu hayana kitu. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilinishangaza. Loo! Miaka yote hii nadhani lile ni jambo letu, limetutokea sisi peke yetu kule mlimani, tumelificha kama ugonjwa wa aibu, kumbe Wazungu wana neno zima kwa ajili yake, wanafundishia watoto darasani!

Basi na mimi nitaliandika.

Nilikuwa mwali. Siku hizi wasichana wa mjini wakisikia neno hilo wanafikiri ngoma na khanga mpya. Kwetu Uluguru, zamani za Mjerumani, mwali aliwekwa ndani. Ukivunja ungo unaingizwa nyumbani, na jua hulioni tena mpaka siku ya kutolewa, miezi, wengine hata miaka. Hutoki ila umefunikwa gubigubi. Sauti yako haitakiwi isikike nje. Ukitaka kitu unagonga ukuta, taratibu, kwa kifundo cha kidole. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Mkuyuni, mwendo wa asubuhi nzima kupanda, na udongo wa ukuta ulikuwa umepasuka karibu na mahali nilipolala. Mwanya wenyewe mwembamba, lakini kwa jicho moja uliniletea dunia yote: uwanja, migomba, na kipande cha njia inayoshuka bondeni.

Kwetu pia mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yako unamheshimu, lakini mwenye kauli juu yako ni mjomba. Mjomba ndiye anayesema huyu aolewe, huyu asiolewe, mwali atolewe au angoje. Mimi mjomba wangu alikuwa mmoja tu, kaka yake mama, tumbo moja. Mtu mrefu, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kucheka, kama anayebisha hodi. Kila siku ya soko akirudi kutoka Mkuyuni alinimenyea muwa, akanipitishia vipande kwenye ule mwanya, kimoja kimoja. Siku ya kutolewa mwali hubebwa mabegani, naye alikuwa ameapa kunibeba mwenyewe. Basi alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini, "Punguza kula, mama. Mgongo ninao mmoja." Nami nagonga ukuta mara mbili, maana yake nimekusikia na sikusikilizi.

Nilimpenda kuliko baba yangu. Naandika hivyo na wala sioni haya.

Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilikuwa imeanza huko mbali, kwetu inasikika kwa mizigo tu. Kila mara boma la Morogoro linataka watu wa kubeba: unga, risasi, masanduku ambayo hakuna aliyejua yana nini. Waliokwenda hawakurudi upesi, na wengine hawakurudi. Ndipo asubuhi moja akapanda askari mmoja wa Mjerumani pamoja na jumbe wetu. Yule askari alikuwa Mnubi, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha kambini na Kiluguru hajui hata neno. Akasema amri imetoka: kila wanaume kumi watoe mmoja.

Kijijini petu wanaume wenye miguu ya kupanda na kushuka walikuwa kumi kamili. Hawakuwa kumi na moja wala tisa. Mjomba alikuwamo, na kaka yangu alikuwamo, ndevu zake bado hazijajua ziotee wapi.

Jumbe akaomba watu wachaguane kwa kura, wasije wakalaumiana. Askari akasema fanyeni, lakini upesi. Mama akaleta kibuyu. Zikatiwa punje za mahindi, nyeupe tisa na nyekundu moja. Sasa nani akishike kile kibuyu? Mtu wa ukoo atasemwa kapendelea. Jumbe atasemwa kahongwa. Wote wakasema kwa pamoja: mtani.

Hapa lazima nieleze, maana hata mjukuu wangu mwenyewe utani anaujua wa mpira tu. Mtani wa ukoo wetu alikuwa mzee wa ng'ambo ya mto, mguu wake mmoja umevimba matende, ndiyo maana hakuhesabiwa katika wale kumi. Mtani hana haya. Anaingia kwako anakula chakula cha moto kabla yako, anakuita mbwa, anakuita mtumwa wake, anakwambia ufe upesi azirithi nguo zako. Nawe unacheka. Ni lazima ucheke. Ukinuna umevunja jambo kubwa, kwa maana huyohuyo ndiye atakayekuja kukuzika, atakayeshika mwili wako bila kuogopa, atakayewachekesha wafiwa wapate kula. Yeye na mjomba wangu walikuwa wametukanana miaka thelathini bila kukosana hata siku moja.

Wakapangwa mstari uwanjani. Mkubwa ndiye aliyeanza, naye ni mjomba. Nilibana jicho langu kwenye mwanya mpaka udongo ukaniingia. Akatia mkono kibuyuni, akautoa, akaufungua.

Nyeupe.

Mama alikuwa amekaa kizingitini, mgongo wake karibu na mimi, ukuta tu katikati. Nilimsikia akishusha pumzi: "Alhamdulillahi." Na yule mtani, maskini ya Mungu, furaha ikampanda kichwani. Furaha ya mtani haitoki kama yetu. Akamshika mjomba mkono, akauinua juu, akapiga kelele, "Ebo! Mtumwa wangu huyu, nani kampa ruhusa ya kubaki? Mchukueni! Mchukueni huyuhuyu, kwetu anamaliza ugali bure!"

Tukacheka. Uwanja mzima ulicheka, wanaume tisa, wanawake, watoto. Mjomba alikohoa kidogo kisha akacheka. Mimi nilicheka ndani, mkono mdomoni. Tulikuwa tumekaza mioyo tangu alfajiri, kikapatikana kicheko, nani akikatae?

Yule askari akatutazama. Akamtazama mwenye kibuyu, aliyepewa kazi ya kuchagua, akamwona ameinua mkono wa mtu na kusema mchukueni. Akaona watu wote wamefurahi. Akasogea, akamtia mjomba kamba shingoni.

"Basi," akasema. "Mmoja nimepata."

Kicheko hakikwisha mara moja. Hilo ndilo ninaloliona hata leo. Kilikatika huku na huku, mmoja akinyamaza, mwingine bado. Mtani ndiye aliyetambua wa kwanza. Akajitupa chini, akamshika askari miguu. "Bwana, natania! Ni mtani wangu, bwana! Kura yake nyeupe, mtazame mkononi!" Akapigwa kiboko cha shingo. Akainuka tena, akasema basi nichukue mimi. Askari akautazama ule mguu, akamsukuma kwa kitako cha bunduki.

Sasa sikiliza vizuri, maana jambo lenyewe liko hapa.

Wale wanaume tisa walikuwa wamesimama. Kibuyu kilikuwa chini, na punje nyekundu bado imo ndani. Ilitosha mmoja wao aseme, "Kweli, ni utani, kura haijaisha." Sauti ya mwenye matende mmoja askari aliidharau, lakini angesikia sauti tisa, angesikia ya jumbe. Ila ukisema hivyo, maana yake kibuyu kinaendelea, nawe unatia mkono. Kila mmoja alijua. Niliwaona wanavyotazama chini, kila mtu anachunguza kidole chake cha mguu utadhani kakipata jana. Jumbe alifumbua kinywa akakifumba. Kaka yangu alikuwa wa nne katika mstari. 

Na mama yangu alikuwa pale kizingitini. Anayefungwa kamba ni kaka yake wa tumbo moja. Anayengoja kutia mkono kibuyuni ni mwanawe. Nilingoja apige kelele. Nilipogeuza jicho pembeni ya mwanya nilimwona ameshika kizingiti kwa mikono miwili, kucha zinaingia kwenye mti. Hakupiga.

Nami nilikuwa na sauti. Mwali akitoa sauti nje ni mkosi, kila mtu angeshtuka, hata askari angegeuka. Nilivuta pumzi kabisa. Kisha nikajiambia mila hairuhusu. Uongo mtupu! Mila nilikuwa naivunja kila siku kwa kuchungulia. Nilimfikiria kaka yangu, basi. Nikaumeza ule ukelele, na mpaka leo sijautapika.

Mjomba alitambua. Alitutazama sote, polepole, akatusoma, na hakuomba. Alimwambia mtani, "Mtumwa wewe! Nikirudi nakuzika mimi." Alikuwa bado anamtania, apate kumwachia kitu cha kushika. Kisha akaugeukia ukuta wangu, akapaza sauti: "Mwali asitolewe mpaka nirudi."

Wakashuka. Nikaona mgongo wake, kisha migomba.

Kibuyu kilipinduka katika vurugu ile. Kuku wakaja, wakadonoa zile punje, nyeupe na nyekundu. Hakuna aliyejua ile kura ilikuwa ya nani.

Nikangoja. Mjomba kasema asitolewe, hakuna wa kulibatilisha neno lake. Mavuno yakapita, yakaja mengine. Ngozi yangu ilikuwa nyeupe kama ndani ya ganda la ndizi. Wenzangu niliowekwa nao wakati mmoja walitolewa, wakaolewa, mmoja akapita mbele ya mwanya wangu amebeba mtoto. Bibi aliyenifunda alimaliza yote ya kunifundisha, akawa anakuja tu kusinzia. Siku za soko nilikaa tayari penye ule mwanya. Hakuna aliyenimenyea muwa, na ningepewa na mtu mwingine ningeutema. Nyumbani hapakuwa na maneno. Mama alipika, kaka alikula akitazama ukuta, na mtani hakuvuka tena mto kuja kula chakula cha moto.

Kisha Wajerumani wakapita wakikimbia, wamekonda, wakachukua mbuzi na mahindi mabichi. Nyuma yao, Waingereza. Ndipo akaja mtu wa Mkuyuni aliyekuwa mpagazi pamoja na mjomba, miguu yake fimbo. Aliketi uwanjani akasema yote bila kupumzika. Mjomba alifika mpaka mbele ya Kisaki. Akashikwa na kuhara damu. Walimlaza pembeni ya njia, mzigo wake ubavuni, wakaambiwa waende. Walipotembea kidogo Mzungu akawarudisha wawili. Mama akainuka, "Kumchukua?"

"Kuuchukua mzigo," akasema yule mtu.

Tukaweka matanga bila maiti. Na matanga hayatoki bila mtani. Wazee wakamfuata ng'ambo ya mto, akakataa, wakamfuata tena. Alikuja siku ya tatu, akakaa chini, akawa anautazama mguu wake. Wazee wakamwambia, mzee, fanya kazi yako, marehemu hatapumzika. Basi akasimama. Akaiga mwendo wa mjomba, ule urefu wake, akakohoa kidogo, vilevile kabisa, kama anabisha hodi. Kisha akangoja sisi tucheke.

Tulipaswa kucheka. Hakuna aliyeweza. Alirudia mara ya pili, akakohoa tena. Mama akasema, "Wacha. Wacha, baba, inatosha." Mtani akalia mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimelisikia wala sijalisikia tena.

Mwezi uliofuata wakaamua kunitoa, maana neno la mjomba lilikuwa limekufa naye. Ikawa nani abebe. Kaka yangu alikuwa na nguvu, wakamtazama, akatoka nje. Mtani akasema nitambeba mimi. Wakamwambia mguu huo? Akainama tu. Nikapanda mabegani mwake, nikatoka kwenye jua baada ya miaka ile, machozi yakinitoka kwa mwanga, watu wakidhani nalia. Alikuwa anachechemea, nami juu nayumba. Ngoma inalia. Nilimsikia akisema peke yake, chini yangu, "Mwepesi. Mwepesi huyu, angemweza." Alirudia hivyo mpaka mwisho wa uwanja.

Kaka yangu alihamia Dumila, mbali na milima, akaoa huko, akazaa. Alikuwa mtu mwema. Shambani kwake akiona hindi lenye punje nyekundu alilitupa zima. Mjukuu wangu huyu mwalimu ni mjukuu wake, anaitazama kalamu yake nyekundu hapo mezani wala hajui kitu. Yupo kwa sababu sisi tulinyamaza. Sasa mimi nifanye nini? Nimchukie? Nampenda mpaka naumwa. Lakini nikiyatazama macho yake, namwona pia mtu aliyelazwa pembeni ya njia ya Kisaki. Wale Warumi walitumia marungu. Sisi tulianza kwa kicheko, tukamalizia kwa kimya.

Mama alikufa mikononi mwangu, mzee sana. Siku ya mwisho akili ilimrudia, akaniambia nimwinue nimuegemeze. Akaniuliza, "Siku ile, wewe ulikuwa nyuma ya ukuta. Ulinisikia? Nilisema kitu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja tangu siku ile. Nilimtazama mikono yake.

"Nilikusikia, mama," nikasema. "Ulipiga kelele. Askari ndiye hakusikia."

 Kisha akanishika kidole, akakigonga kwenye ukuta, mara mbili, taratibu.

"Na mimi nilikusikia wewe, mwanangu," akasema.